Fundi, Tunasikika?

Jini wa nyumba ile hakungoja giza. Alikuja saa kumi jioni, siku ya Jumamosi, jua likiwa bado kali, nguo kambani, chai mezani, na wenye nyumba walimpokea kwa makofi. Ndiyo maana mpaka leo mwenye nyumba akiyakumbuka yale, kinachomjia kwanza si woga. Ni aibu.

Mwenye nyumba alikuwa fundi mitambo wa redio, kastaafu. Kazini walimwita Wembe, kwa sababu enzi zile kipindi kilihaririwa kwa wembe. Unasikiliza mkanda, unatia alama pale msemaji alipokohoa, unakata kipande hicho, unaunga ncha mbili kwa gundi, na msikilizaji hajui kama kuna mtu alikohoa. Wembe alikuwa na mkono mwepesi kwelikweli. Alikuwa akitamba kwamba anaweza kumkata waziri katikati ya sentensi na waziri mwenyewe asijue. Alikaa miaka thelathini na ushee nyuma ya kioo cha studio, na jina lake halikutajwa hewani hata siku moja.

Alichokipenda hapa duniani, ukimtoa mkewe, ni swingi. Dansi la zamani la bendi kubwa: saksafoni tano zimekaa mstari mmoja, tromboni nyuma yake, tarumbeta zimesimama, na besi linatembea chini kwa chini bila haraka. Alipostaafu alikuwa akishinda na redio akiyasaka masafa mafupi, kutafuta vituo vya mbali vinavyorudia matangazo ya miaka hiyo, mikwaruzo na yote. Akipata kimoja anafumba macho, vidole vinacheza juu ya meza.

"Hiyo mikwaruzo ni pumzi ya ukumbi," alikuwa akimwambia mkewe.

"Hiyo ni kelele, baba watoto, lakini endelea."

Mkewe naye alikuwa mtu wa kuimba. Akifagia anaimba, akikunja nguo anaimba, akinuna ndiyo anaimba zaidi, na mumewe aliweza kujua hali ya hewa ya nyumba kwa kusikiliza tu akiwa mlangoni.

Mwaka huo shemeji yake alihamia kwao. Alikuwa mjane wa kaka yake mkubwa, yule mpiga tarumbeta ambaye mji mzima ulimwita Mapafu. Paa la nyumba yake lilikuwa limebonyea, na macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Mke wa Wembe ndiye aliyesema, "Dada aje hapa, tutabanana." Alikuja na mabegi mawili na redio ya marehemu, ile ya mbao yenye taa ndani, kubwa kama kijikabati. Haikuwa imelia miaka na miaka. Wembe akaifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha vipuri viwili, na redio ikapata joto ikaanza kunguruma. Akaiweka sebuleni, juu ya kabati la vyombo.

Ndani ya kabati hilo, chini ya vitambaa vya meza, kulikuwa na kopo la bati lenye mkanda wa harusi yake. Wembe alijua fika kwamba upo pale. Hakulifikiria hilo.

Jumamosi ya kwanza walikuwa watatu mezani. Saa ya ukutani ilipogonga kumi, redio iliyokuwa ikinguruma tu ikajisafisha koo yenyewe.

"Mabibi na mabwana," ilisema sauti ya mwanamume, imechakaa, inakatikakatika, "kutoka ukumbini, dansi la Jumamosi."

Kabla bendi haijaanza, ikasikika sauti nyingine, karibu sana, yenye utani ndani yake.

"Fundi, tunasikika?"

Kisha saksafoni zote tano zikaingia kwa pamoja, na dramu, na tromboni, na mke wa Wembe akapiga makofi akisema, "Haa! Hii sasa ndiyo yenyewe!" Shemeji aliweka kikombe chini. Alikuwa akisubiri kitu, kichwa kimeinama upande. Tarumbeta ilipokuja, ilitanguliwa na pumzi ndefu iliyovutwa puani kwa nguvu, kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

"Mapafu huyo," alisema shemeji taratibu. "Hiyo pumzi ni ya mume wangu. Jamani, huyo ni mume wangu."

Akalia, akacheka, akalia tena. Wimbo ulipokwisha alipapasa mezani mpaka akaupata mkono wa Wembe.

"Shemeji, si uliniambia stoo ilivuja? Si ulisema maji yaliuharibu ule mkanda?"

"Labda... labda kulikuwa na nakala, shemeji. Watu wa kule huwa wanatunza."

"Mungu awabariki." Akaubusu mkono ule. Wembe akauacha ubusiwe.

Nakala haikuwapo. Kila Jumamosi bendi ilitangazwa moja kwa moja kutoka ukumbini, lakini ilirekodiwa mara moja tu, katika dansi lake la mwisho, wiki moja kabla gari lao halijapinduka na kumuua Mapafu na wenzake watatu. Mkanda ulikuwa mmoja, na Wembe aliufuta kwa mkono wake mwenyewe. Kufuta mkanda ni kazi ya sekunde kumi: unauweka juu ya sumaku ya umeme, unauzungusha taratibu, unauinua. Ndivyo walivyofanya kwa vipindi vilivyokwisha kazi, ili mkanda utumike tena. Yeye aliufuta ule wa kaka yake miezi mitatu baada ya mazishi, akautumia kurekodi harusi yake. Shemeji alipokuja studio kuuomba, akamwambia stoo ilivuja.

Na lile swali, "Fundi, tunasikika?", halikuwahi kwenda hewani. Mapafu alikuwa akiliuliza kabla taa nyekundu haijawaka, kwa ajili ya mdogo wake tu, na Wembe akimjibu kwa dole gumba nyuma ya kioo cha kibanda chake pale ukumbini. Ilikuwa siri yao ndogo. Mtangazaji yule naye alikuwa kaburini miaka mingi.

Jioni hiyo Wembe alikaa kwenye kiti chake mpaka akatambua kwamba kuna kitu kimepungua sebuleni. Akainua macho. Mishale ya saa ilikuwa inatembea kama kawaida, lakini saa hailii. Akaishusha, akaibandika sikioni. Kimya kabisa.

"Imekufa?" mkewe aliuliza.

"Inatembea," alisema Wembe. "Inatembea, lakini haisemi."

Wiki ikapita. Shemeji alikuwa kama bibi harusi. Siku ya Jumamosi aliamka mapema, akaomba apakwe mafuta, akavaa gauni lake la dukani, akakaa mbele ya redio tangu saa tisa. Wembe alitaka kusema redio imeharibika. Aliuandaa uongo huo tangu Alhamisi, lakini alipomwona na lile gauni, akafyata ulimi.

Saa kumi mtangazaji akaja, sauti imechoka kuliko mara ya kwanza. "Mabibi na mabwana, salamu zimfikie fundi wetu aliye nyuma ya kioo. Anajijua."

"Wanakusalimu wewe!" mkewe alimtania. "Leo umetajwa, baba watoto, utatununulia soda."

"Fundi, tunasikika?"

Bendi ikaanza, na Wembe, ambaye masikio yake yalikuwa mkate wake, akasikia jambo ambalo wale wanawake hawakulisikia: chini ya dramu kulikuwa na kitu kinachoshika mapigo, tiki, tiki, tiki, kikavu, kina kilema kidogo kwenye pigo la nne, na kilema kile alikijua kwa sababu alikuwa amelala na kuamka nacho miaka ishirini, ilikuwa saa yake ya ukutani, saa yake mwenyewe ikipigia bendi ya wafu. Ndipo ikaja harufu. Harufu ya nta ya sakafu, ya mafuta ya nywele, ya sigara, ya shaba iliyoshikwa na mikono yenye jasho, na chini ya meza yao, pale penye miguu yao na miguu ya viti, kukaanza kusikika nyayo za viatu vya ngozi zikiburuzwa, mbili mbili, zikizunguka, zikija karibu na kiti chake, zikisita, zikiondoka.

Aliruka akachomoa waya ukutani. Muziki ukaendelea. Wembe akasimama na plagi mkononi, kinywa wazi, akitazama taa za redio zinavyowaka njano bila umeme.

"Unafanya nini, shemeji?" aliuliza yule mama asiyeona vizuri. "Mbona umesimama?"

"Naongeza sauti," akasema Wembe.

Jioni hiyo bomba la jikoni lilitiririsha maji bila mlio. Mlango ulifungwa bila kugonga. Mkewe aliangusha sufuria sakafuni, ikadunda mara tatu mithili ya pamba, na wote wawili wakaitazama.

"Baba watoto," mkewe alinong'ona, "nyumba hii ina nini?"

Wembe akasema hajui. Hapo mkewe alimtazama kwa muda, maana alikuwa ameishi naye vya kutosha kujua anavyodanganya.

Jumatatu asubuhi mkewe alimshika mkono kama mtoto aliyekataa shule, akampeleka kwa Bi Kibiriti. Alikuwa mganga, mwembamba, mkavu wa maneno, na jina lile alipewa kwa sababu hakuwa na hirizi wala mikoba. Alitembea na kiberiti kimoja na ubani kidogo kwenye karatasi. Alimtuma mke wa Wembe akakae nje, kisha akasikiliza habari yote bila kupepesa.

"Huyo si kaka yako," alisema. "Kaka yako amelala, muache alale. Huyo ni jini. Alikuwa akikaa pale ukumbini, akicheza kila Jumamosi katikati ya watu. Aliipenda ile tarumbeta, akaingia nayo kwenye mkanda, akaufanya nyumba. Wewe ukaja na sumaku yako."

"Mbona miaka yote alikuwa kimya?"

"Hakuwa na pa kutokea. Umempa redio ya mwenye tarumbeta, ukaiweka juu ya kichwa chake. Sasa anajenga upya, na vifaa anachukua kwako. Ulimfutia nyumba, naye anakufutia."

"Atachukua nini tena?"

"Nani anaimba nyumbani kwako?"

Wembe akageuka kuutazama mlango, mkewe alikokuwa amekaa nje.

"Jumamosi nitakuja," alisema Bi Kibiriti. "Lakini ubani wangu hautafanya kazi juu ya uongo. Utasema mbele ya redio, na mbele ya uliyemdhulumu, kitu ulichofanya. Kizima. Ukisema kizima, nikimtoa ataona haya kubaki na vya watu."

Kizima. Wembe alilibeba neno hilo siku tano. Kuna mambo mtu anaweza kuyasema chumbani, uso ukiwa ukutani, na hata hapo yakamchoma. Mara kadhaa alimkuta shemeji peke yake kibarazani, akakaa karibu naye, akafungua kinywa, na shemeji akamtangulia: "Unajua, shemeji, mimi nilidhani nitakufa bila kumsikia." Wembe akaishia kumuuliza kama anataka chai.

Jumamosi ya tatu Bi Kibiriti alikaa pembeni, ubani unafuka kwenye kifuniko cha kopo. Mtangazaji alipomaliza kusalimia, Wembe akapiga magoti mbele ya redio.

"Shemeji," alisema, "stoo haikuvuja. Ule mkanda niliufuta. Siku zile mikanda ilikuwa haba mno, hakukuwa na mwingine, na harusi yangu ilikuwa imefika. Sikuwa na njia. Nisamehe."

Uso wa shemeji ulikuwa unahangaika, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya wageni. Mke wa Wembe aliweka mkono kifuani.

Redio nayo ilikuwa ikisikiliza. Kisha ikacheka kidogo, kwa ile sauti yake iliyochakaa.

"Fundi, hatukusikii vizuri," ilisema. "Kuna mahali pamekatwa."

Ndipo bendi ikalipuka, tarumbeta, tromboni, saksafoni, saa yake, bomba lake, mlango wake ukigonga pigo la mwisho la kila mstari, sufuria yake ikilia mahali pa matoazi, nyayo zikijaa chumba mpaka vikombe vikatetemeka mezani bila mlio, na juu ya vyote ikapanda sauti ya mwanamke, nzuri, ya kifuani, inayoimba wimbo usio na maneno, ule ule wa kukunja nguo. Wembe aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemsimama, anapiga ukelele kwa nguvu zake zote, na hakukutoka kitu.

Wiki iliyofuata nyumba ile ilikuwa kama picha. Mkewe alifagia kimya. Alilia kimya. Siku ya Jumanne aliandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, ULIKATA NINI? akalibandika daftari kifuani mwa mumewe na kuondoka. Shemeji alikula chakula chake chumbani. Wembe alikaa sebuleni akiwa amezungukwa na watu wawili asioweza kuwatazama, na mara ya kwanza maishani hakuwasha redio kutafuta dansi la kumliwaza, maana dansi lenyewe ndilo lililokuwa likimtazama.

Jumamosi ya nne hakupiga magoti. Alisimama wima, mikono pembeni, kama mtoto anayesubiri bakora.

"Fundi, tunasikika?"

"Mikanda ilikuwapo," alisema Wembe. "Rafu ya chini ilikuwa na mikanda kumi na miwili ya vipindi vya kilimo, ina alama nyekundu, tayari kwa kufutwa. Niliuchukua mmoja, nikaurudisha. Nikapanda kiti nikauchukua ule wa kaka, ulikuwa rafu ya juu." "Nilikuwa nimechoka kuitwa mdogo wake Mapafu. Yeye akipuliza watu wanasimama, mimi ndiye ninayewafanya wamsikie, na hakuna anayejua kama nipo. Hata kwenye msiba wake waliniambia pole, mdogo wake Mapafu. Nikajua harusini kwangu watasema hivyo hivyo, watataka wapigiwe mkanda wake, watamlilia yeye siku yangu. Nikaona kheri usiwepo. Nikauweka juu ya sumaku, nikazungusha. Na shemeji... nilijisikia vizuri. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa naikata. Kaka yangu alikuwa na miezi mitatu tu kaburini, nami nilijisikia vizuri."

Safari hii redio haikusema kwamba kuna mahali pamekatwa.

Shemeji alizungumza bila kuinua uso. "Siku ile nilipokuja kuuomba nilikuja na viatu vya kuazima. Ulinikalisha kitini. Ulinipa maji. Uliniambia habari za stoo, nikalia, na wewe ukalia pamoja nami."

"Ndiyo, shemeji."

"Ulilia machozi kabisa. Niliyasikia kwenye sauti yako. Nilirudi nyumbani nikiwaambia watu, yule kijana anampenda kaka yake."

Wembe hakuwa na pa kuuficha uso. Angeweza kuvumilia kutukanwa.

"Sasa yote yamesikika," alisema Bi Kibiriti. Alifungua kabati, akatoa lile kopo la bati, akalifunua. Mkanda ulikuwa umekaa mviringo, mweusi, unang'aa. "Nikiuchoma huu na ubani wangu, anatoka. Sauti ya mama itarudi, na saa, na bomba, na vingine vyote. Ila tarumbeta itakwenda naye." Akachukua njiti ya kiberiti, akaitazama mikono ya Wembe, kisha akageukia upande wa shemeji. "Wa kusema ndiyo si wewe, fundi. Ni huyu."

Shemeji alipapasa hewani mpaka mkono wake ukalifunika kopo.

"Yaani nifutiwe mara ya pili," alisema. "Mara ya kwanza kwa kijicho. Mara hii kwa heshima, na ubani."

Mke wa Wembe alikuja akapiga magoti mbele yake, akamshika magoti, mdomo wake ukicheza dada, dada, bila sauti, na machozi ya wote wawili yakaangukia gauni lile la dukani. Mkono wa shemeji juu ya kopo ukaanza kuinuka. Wembe aliona kwamba ataliachia. Yule mama aliyenyang'anywa alikuwa tayari kunyang'anywa tena, kwa ajili ya nyumba ya aliyemnyang'anya, na hilo lilimwumiza Wembe kuliko jini mwenyewe.

Akaisogelea redio, akaweka mdomo wake kwenye kitambaa chake chenye harufu ya vumbi la moto.

"Mtangazaji wenu amechoka," alisema. "Namsikia kila wiki, anakatika. Mwachieni mke wangu sauti yake. Chukueni yangu."

"Baba wewe!" alimaka Bi Kibiriti. "Nani kakutuma?"

Taa za redio ziliwaka sana, kisha zikapoa. Kulikuwa na mkwaruzo mfupi, ule wa mkanda unapoondolewa kwenye sumaku.

Tiki, ikasema saa ya ukutani. Jikoni bomba likadondosha tone.

"Mume wangu!" mkewe alipiga ukelele, akashtuka kujisikia, akajishika koo. "Mume wangu, nimerudi! Sema kitu! Baba watoto, hebu sema kitu!"

Wembe alifungua kinywa. Alisema jina la ujana la mkewe, alisema nisamehe, alisema mengi, na hewa ilitoka tupu.

Bi Kibiriti alikunja ubani wake, akazima kilichobaki kwa vidole. Mlangoni alimwambia mke wa Wembe kwamba hapo hana la kufanya tena. Mwenye sauti katoa kwa hiari yake, na kitu kilichotolewa kwa hiari hakifukuzwi kwa moshi.

Jumamosi iliyofuata mkewe alifungua madirisha kwa sababu ya joto. Shemeji alikaa mbele ya redio na gauni lake. Hakuwa amezungumza na Wembe wiki nzima, lakini asubuhi alikuwa amemwambia mke wake, "Mwambie aje akae." Basi Wembe alikaa karibu naye. Nje, jirani alikuwa anaanika shuka. Watu wawili walikuwa wanabishana mpira barabarani. Saa ikagonga kumi.

"Mabibi na mabwana, kutoka ukumbini, dansi la Jumamosi."

Sauti ilikuwa safi, nzima, haina mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa ya Wembe. Miaka yote aliyokaa nyuma ya kioo hakuwahi kujisikia hewani, na moyo wake, hata hapo, ukaruka kidogo kwa furaha.

"Mimi ni fundi mitambo wenu. Bendi hii ilirekodiwa mara moja tu. Mkanda wake niliufuta mimi. Nilimwambia mjane wa kaka yangu kwamba stoo ilivuja, nikalia naye. Mikanda mingine ilikuwapo. Niliufuta kwa kijicho, na nilijisikia vizuri."

Jirani alisimama na shuka mkononi, akageukia dirishani. Ubishi wa mpira ukakatika. Wembe alinyanyuka kwenda kulifunga dirisha, na mkewe, aliyekuwa karibu nalo, hakusogea kumpisha.

"Fundi, tunasikika?" aliuliza Mapafu kwa utani wake ule ule, na ikaja ile pumzi ndefu ya puani.

Shemeji aliupapasa uso wa redio mpaka akakipata kitufe, akaongeza sauti.